Damu ya Pwani na Damu ya Ziwa: Historia ya Jeni ya Selimundu

Mwezi Desemba 1904 kijana wa miaka 20 alilazwa katika Hospitali ya Presbyterian mjini Chicago. Alikuwa ametoka kisiwa cha Grenada miezi michache kabla, amekuja kusomea udaktari wa meno. Kifua kilimbana, alikohoa, homa ilimpanda, na miguuni alikuwa na makovu ya vidonda vya zamani. Daktari aliyekuwa mafunzoni, Ernest Irons, alimtoa damu akaiweka chini ya hadubini. Badala ya chembe nyekundu za duara aliona nyingine nyembamba, ndefu, zilizopinda mfano wa mundu. Akachora alichokiona na kumpelekea mkubwa wake, James Herrick.

Herrick alikaa na michoro ile karibu miaka sita kabla ya kuichapisha, Novemba 1910. Alikiri kwamba hakujua ni ugonjwa gani. Makala ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa historia ya selimundu katika vitabu vya tiba, na jina la Herrick limebaki humo hadi leo. Jina la mgonjwa halikuandikwa. Aliitwa Walter Clement Noel. Alimaliza masomo, akarudi Grenada, akafungua kliniki ya meno katika mji wa St. George's, na mwaka 1916 nimonia ikamuua akiwa na miaka 32. Tangu mwanzo historia hii ina watu wa aina mbili: wanaotoa damu na wanaoandika.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukusanya vipande. Mwaka 1922 Verne Mason aliupa ugonjwa jina linalotokana na mundu. Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe hupinda zinapokosa oksijeni na kujinyoosha zikiipata tena. Lakini huko Marekani jambo moja lilipotoshwa tangu awali. Ugonjwa ulipachikwa rangi. Ulisemwa kuwa ni ugonjwa wa damu ya mtu mweusi, na alipopatikana mgonjwa mweupe, wapo madaktari walioanza kumtafutia babu mweusi badala ya kujiuliza kama nadharia yao ilikuwa na kasoro. Jibu la upotofu huo lilikuja kupatikana Afrika Mashariki, na halikuwa jibu walilolitarajia.

Afrika yenyewe ilichelewa kuingia katika majarida. Katika miaka ya 1940 Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto wenye upungufu mkubwa wa damu na chembe za mundu. Daktari E. A. Beet, aliyefanya kazi wilaya ya Balovale katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alichapisha mwaka 1946 katika Jarida la Tiba la Afrika Mashariki takwimu iliyopita bila kelele: katika watu wenye chembe za mundu, asilimia 9.8 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwa wasio nazo ilikuwa asilimia 15.3. Kisha Hermann Lehmann na Alan Raper wakazunguka Uganda na kupima kabila baada ya kabila. Walichokiona kiliwashangaza. Kuna makabila ambayo chembe hizi hazikuonekana kwa hata mtu mmoja katika mia, na kuna Waamba, chini ya milima ya Rwenzori, ambao karibu watu 45 katika kila mia walikuwa nazo.

Hapo kikazuka kitendawili kilichowasumbua wengi. Watu wenye chembe hizi ni tele, wagonjwa mahututi mbona hawaonekani? Wengine wakadhani kwamba Waafrika huugua kidogo kuliko ndugu zao wa Marekani. Ukweli ulikuwa mchungu zaidi. Watoto waliougua sana walikuwa wakizikwa kabla hawajafikishwa hospitali, na mama zao wakiambiwa ni homa, ni kijicho, ni mizimu. Utafiti wa akina Lambotte-Legrand mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, ulifumbua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950: wagonjwa walikuwepo, ila wachache mno walifika utu uzima.

Mwaka 1949 mambo yalikuja kwa mkupuo. James Neel wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha maelezo ya namna hali hii inavyorithiwa, na Beet, akiwa mbali kule Rhodesia, akafikia jibu lilelile kwa njia yake. Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni inayotengeneza sehemu iitwayo beta ya hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni: moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyepokea nakala moja yenye hitilafu na moja nzima ni mbebaji: chembe zake zikinyimwa oksijeni kwenye kioo cha maabara zitapinda, lakini yeye mwenyewe hulima, huvua, huzaa na kuzeeka kama wenzake. Aliyepokea nakala mbili zenye hitilafu ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na nasema kila mimba. Kuna familia nyingi zinazoamini kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Jeni haina daftari la kuhesabia watoto waliotangulia. Tena mama hawezi kumletea mtoto ugonjwa huu peke yake, kwa hiyo wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo walidhulumiwa.

Mwaka huohuo, huko California, Linus Pauling, Harvey Itano na wenzao walipitisha umeme kwenye hemoglobini ya wagonjwa na ya watu wenye afya, wakaona zinasafiri kwa mwendo tofauti. Hemoglobini ya mbebaji ilijigawa makundi mawili, sehemu huku na sehemu kule. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulitambuliwa kuwa umekaa ndani ya molekuli moja ya protini. Pauling alikuwa gwiji, hilo halina ubishi, lakini mwaka 1968 aliandika kwamba vijana wanaobeba jeni za namna hii wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasioane. Mtu anaweza kuielewa molekuli vizuri kuliko wote duniani na bado asimwelewe binadamu aliyeibeba.

Kitendawili kikubwa kilikuwa bado hakijateguliwa. Ikiwa kila mtoto mwenye nakala mbili hufa kabla ya kuzaa, basi kila kizazi nakala kadhaa za jeni hii huzikwa pamoja naye. Kwa hesabu hiyo jeni ingepaswa kupungua na hatimaye kutoweka. Iweje Bwamba, nchi ya Waamba, ifikie watu 45 katika mia? Neel alikuwa na dhana kwamba huenda mabadiliko mapya ya jeni hutokea mara kwa mara na kuziba pengo. Lakini kuziba pengo la ukubwa huo kungehitaji mabadiliko mengi kupita kiasi, na kwa nini yatokee kwa kabila moja yasitokee kwa jingine?

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, katika shamba la wazazi wake huko Gilgil, katika Bonde la Ufa. Alikwenda kusomea udaktari Oxford, na mwaka 1949 chuo hicho kilipanga msafara wa kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu ili kupima makundi ya damu, akaongeza na kipimo cha chembe za mundu. Alianzia Pwani, akapanda nyanda za juu, akashuka hadi Ziwa Viktoria. Majibu yalijipanga yenyewe kwenye ramani. Pwani na kandokando ya ziwa, wabebaji walizidi watu 20 katika mia. Kwa Wakikuyu na Wamasai wa nyanda za juu, hawakufika hata mmoja katika mia.

Ramani hiyo haikufuata lugha wala ukoo. Wabantu wa ziwani walikuwa na jeni, na Wajaluo, ambao si Wabantu, walikuwa nayo vilevile. Wabantu wa mlimani hawakuwa nayo. Ilichofuata ni mbu. Mtu aliyekulia Gilgil hakuhitaji kitabu kumweleza kwamba ukishuka Kisumu au Mombasa unashuka kwenye homa, na ukipanda Nyeri unaiacha nyuma. Allison akawaza kwamba labda mbebaji analindwa dhidi ya malaria, na kwamba faida anayoipata yeye ndiyo inayolipia kifo cha mtoto mwenye nakala mbili. Mwanajenetiki J. B. S. Haldane alikuwa ameshatoa wazo la jinsi hiyo juu ya talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ya watu wa Mediterania. Wazo si ushahidi, na Allison hakuwa hata amemaliza masomo. Ilibidi angoje.

Alirudi mwaka 1953, Kenya ikiwa katika hali ya hatari na vita vya Mau Mau vikipamba moto. Alichofanya kwanza leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekiruhusu. Alitafuta wanaume 30 wa Kijaluo waliokuwa wameishi mbali na malaria kwa zaidi ya mwaka, 15 wakiwa wabebaji na 15 si wabebaji, wote wakiwa wamekubali kwa hiari, kisha akawaambukiza malaria. Baadhi waliumwa na mbu wenye vimelea, baadhi walidungwa damu yenye vimelea. Katika wale 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Katika wabebaji 15, walipata wawili. Wote walitibiwa. Mtu akisoma ripoti ile leo hukutana na namba na vipimo vya joto, wala haoni jina la hata mmoja wa wale watu 30, na neno hiari, katika koloni lililokuwa vitani, lina uzito wake ambao kila msomaji ataupima mwenyewe.

Jaribio hilo lilipingwa, na waliolipinga walikuwa na hoja. Watu 30 ni wachache. Nchini Marekani Ernest Beutler na wenzake walilirudia na mwaka 1955 wakachapisha majibu yaliyokwenda kinyume. Ushahidi wa Allison wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa aina nyingine, usiohitaji kumwambukiza yeyote. Aliwapima watoto 290 wa Buganda. Alichagua watoto kwa sababu mtu mzima aliyeumwa na mbu maisha yake yote ameshajenga kinga, na kinga hiyo huficha tofauti. Kati ya watoto 43 wabebaji, 12 walikuwa na vimelea. Kati ya 247 wasio wabebaji walikuwa 113. Hiyo ni asilimia 28 kwa 46. Mwaka 1954 alitoa makala tatu mfululizo, pamoja na vipimo vya maelfu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika: kila alipokuta malaria ya kudumu, kuna jeni, asipoikuta, hakuna.

Kisha ikaja Musoma. Kwenye mwambao huo wa mashariki wa Ziwa Viktoria alilinganisha watoto wachanga na watu wazima wa eneo hilohilo, na takwimu alizozichapisha mwaka 1956 zinafundishwa hadi leo katika vyuo ambavyo wanafunzi wake hawajui Musoma iko wapi. Kati ya watoto 287, wenye nakala mbili za selimundu walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654 walikuwa 5 tu. Waliobaki walikuwa wameshakufa njiani. Hilo lilitarajiwa. Jambo zito liko kwa wabebaji. Walikuwa 89 kati ya watoto wale 287, yaani asilimia 31, lakini kwa watu wazima walikuwa 249, yaani asilimia 38. Kundi lao lilikua kwa sababu wenzao wasio na jeni walikuwa wakipukutika utotoni. Malaria ilikuwa ikiwachuja watu wa Musoma kizazi hadi kizazi, na chujio lake lilionekana kwa hesabu ya kawaida.

Charles Darwin aliandika juu ya uteuzi asilia mwaka 1859, na kwa karibu miaka mia wataalamu walikuwa na mifano ya nondo na vipepeo. Kwa binadamu hawakuwa na mfano hata mmoja ambao jeni ilijulikana, muuaji alijulikana na hesabu ilikubali. Mfano wa kwanza ulitoka kwa watoto wa Buganda, wavuvi na wakulima wa Musoma na wanaume wa Kijaluo. Na ule uzushi wa damu ya mtu mweusi ukakosa msingi. Selimundu ilipatikana Ugiriki, ikapatikana kwa watu wa vilima vya Nilgiri kusini mwa India, na kwa Mkikuyu ilikuwa nadra mno. Jeni ilikuwa imefuata madimbwi ya mbu, haikufuata rangi ya ngozi.

Allison aliwahi kuacha sampuli ya hemoglobini ya selimundu katika maabara ya Max Perutz mjini Cambridge. Pale alikuwepo kijana mkemia, Vernon Ingram, aliyekuwa akitafuta kazi ya kufanya. Aliikatakata protini hiyo kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, akavitandaza vipande kwenye karatasi kwa umeme na kemikali, vikaacha madoa kama 30. Akafanya vivyo hivyo kwa hemoglobini ya kawaida. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Mwaka 1957 alitangaza kisa chake: kwenye mnyororo wa beta, ambao ni kama tasbihi yenye shanga 146 za asidi amino, ushanga wa sita umebadilishwa. Pale panapotakiwa asidi ya glutamiki imekaa valini. Baadaye, DNA iliposomwa, ilionekana kwamba chanzo ni herufi moja katika kromosomu ya 11, ambapo A imekuwa T.

Herufi moja inatosha kuua kwa sababu valini haipendi maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni mwilini, ile valini hujibanza katika tundu la molekuli jirani, na jirani naye hushika mwingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe na kuipinda. Chembe iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Hukwama, nyuma yake foleni, na viungo vilivyo mbele hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hii huishi 10 hadi 20, na uboho wa mifupa hauwezi kuzalisha damu kwa kasi hiyo.

Swali la jeni hii ilitoka wapi lilichukua muda. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone alilihusisha na jembe: mkulima alipofyeka msitu wa Afrika Magharibi, jua lilifika ardhini, maji yakatuama, na mbu aina ya Anopheles gambiae akapata makazi karibu na vijiji vilivyojaa watu. Malaria ikakomaa, na mabadiliko ya jeni ambayo pengine yangepotea yakapata kazi. Miaka ya 1980 watafiti waliosoma DNA iliyo jirani na jeni hiyo walizitambua alama za ukoo, wakazipa majina ya mahali: Benin, Senegal, Kameruni, Bantu, na nyingine ya Uarabuni na India. Wengi waliamini kwamba jeni ilizuka mara tano, kila mahali peke yake. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma jenomu nzima za watu na kufikia hitimisho jingine, kwamba ilizuka kwa mtu mmoja Afrika, miaka kama 7,300 iliyopita, na matawi yote ni ya shina hilo.

Alama ya Bantu ndiyo inayotuhusu zaidi. Ilisafiri na wakulima na wafua chuma waliosambaa kutoka upande wa Kameruni hadi maziwa makuu na hatimaye Pwani. Haikuishia ufukweni. Nchini Oman leo wapo wagonjwa wenye alama ya Uarabuni na India, na wapo wenye alama ya Bantu. Karne za majahazi, za ndoa, za biashara na za utumwa kati ya Pwani yetu na Ghuba zimebaki zimeandikwa katika damu hata pale nasaba za mdomo zilipoamua kusahau.

Watu wa Ghuba walileta pia fundisho jingine. Miaka ya 1970 madaktari wa mashariki mwa Saudi Arabia, maeneo ya Qatif na Al-Hasa, waliona wagonjwa wa selimundu waliokuwa na nakala mbili kamili na bado waliishi kwa unafuu mkubwa. Siri ilikuwa ni hemoglobini ya tumboni. Mtoto akiwa mimba hutumia hemoglobini tofauti, ambayo mnyororo wake wa gama hauna hitilafu hii. Janet Watson wa Brooklyn alikuwa ameshahisi jambo hilo mwaka 1948 alipoona kwamba chembe za watoto wachanga hazipindi kama za mama zao. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima jeni ya gama taratibu na kuiwasha ya beta. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu hunawiri miezi ya mwanzo, kisha karibu na nusu mwaka mikono na miguu huanza kuvimba, na wazazi hushangaa ugonjwa umetoka wapi. Ulikuwa umezimwa. Kwa Waarabu wale, jeni ya gama haikuzimika sawasawa, ikaendelea kuwakinga.

Basi kurithi jeni si mwisho wa habari. Kuna kuirithi, na kuna kuwashwa kwake. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin walimtambua mzimaji mwenyewe, protini iitwayo BCL11A, na kuanzia hapo tiba ikawa na shabaha: ukimnyamazisha mzimaji, hemoglobini ya tumboni itarudi.

Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa tena mahali pa kuchukulia damu tu. Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989 kilifuatilia watoto wa Pwani kwa miaka mingi, na mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake wakaonyesha kwa uhakika ambao Allison hakuwahi kuupata kwamba kubeba nakala moja hupunguza malaria ya kawaida kwa nusu, na malaria kali inayoua kwa karibu asilimia 90. Mwaka 2021 ikaja habari ya kushtua. Gavin Band na wenzake, wakisoma jeni za vimelea vilivyotolewa kwa watoto wa Kenya na Gambia, walikuta baadhi ya vimelea vina mabadiliko yanayoonekana zaidi kwa watoto wabebaji. Kimelea nacho kinajifunza. Ngao ya maelfu ya miaka imeanza kupata mkuki wake.

Muhimbili, Dar es Salaam, Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa, na kundi hilo likawa miongoni mwa makubwa duniani yanayofuatiliwa katika kituo kimoja. Nchini Uganda, Grace Ndeezi na wenzake walitumia damu kavu ya watoto wachanga karibu 100,000 iliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya vipimo vya VVU. Majibu yao ya mwaka 2016 yalionyesha asilimia 13.3 ni wabebaji na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Damu ilikuwa kabatini tayari. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuuliza swali.

Mwaka 2019 yalichapishwa majibu ya jaribio la haidroksiyurea kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, mwandishi wa kwanza akiwa Léon Tshilolo wa Kinshasa. Dawa hii ya vidonge huirudisha kwa kiasi hemoglobini ya tumboni. Marekani iliiidhinisha tangu 1998, lakini barani Afrika iliogopwa: huenda ingeongeza malaria, huenda ingevuruga kinga. Ilikuwa kinyume. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua karibu nusu, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Miaka 21 ya kusubiri ilikuwa imekwishapita.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza duniani inayotumia ufundi wa kuhariri jeni kwa kifaa cha CRISPR. Seli shina za mgonjwa hutolewa, kiwashio cha BCL11A hukatwa, uboho wake husafishwa kwa dawa kali, kisha seli zake hurudishwa. Wengi wa waliotibiwa katika majaribio hawakupata tena maumivu makali. Bei yake Marekani ilitangazwa mwaka huo kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Maarifa yaliyoifikisha hapo yalianzia Chicago kwa kijana wa Grenada, yakapita Balovale, Bwamba, Kampala na Musoma. Watu wa huko hawakuwahi kudai chochote, na kwa bei hiyo hawatapata chochote. Huo ni wizi wa heshima, na sioni sababu ya kuupamba kwa jina jingine.

Wakati tukingoja bei ishuke, yapo yanayowezekana leo. Mtoto apimwe akiwa mchanga, kabla jeni ya beta haijawashwa kikamilifu. Akikutwa na ugonjwa, apewe penisilini ya kila siku, chanjo, na haidroksiyurea daktari akishauri. Alale ndani ya chandarua na apewe dawa ya kuzuia malaria, kwani ule ulinzi wa Musoma ni wa mbebaji peke yake. Mwenye nakala mbili akipatwa na malaria, yumo katika hatari kubwa ya kufa. Na wewe unayesoma, hasa ikiwa asili yako ni Pwani au ziwani, kapime ujue kama umebeba nakala moja, kisha mwombe mwenzako naye akapime kabla hamjaanza kuzaa.